Sola Tulizoanika Siku ya Wageni

Mwanangu Restituta,

Sikuulizi hali. Asubuhi hii nimekuona kwa macho yangu ukiivika mashine yako ya kuchomelea magunia mawili na kuifunga kamba ya katani, fundo juu ya fundo, kama mtu anayefunga ndama asiyetaka kwenda mnadani. Hali yako naijua. Sasa hivi wewe na mama yako mmekwenda kumuaga shangazi yako, na mimi nimebaki kwa kusema mgongo unaniuma. Mgongo hauumi. Nilitaka kubaki peke yangu na karatasi hii wakati kuna mwanga wa mchana, kwa sababu betri yetu siku hizi haifiki hata saa mbili usiku, na jambo lenyewe nikiliacha hadi jioni moyo utaniishia.

Mambo ya kula, ya kulala, ya kutoazimisha vifaa vyako kwa mtu usiyemjua, hayo mama yako atakuambia kuanzia mlangoni hadi Dongobesh, na gari la Katesh likichelewa ataanza upya. Mimi simwingilii. Nimebaki na jambo moja tu.

Mwaka jana, siku ile inveta ya kugeuza umeme wa betri ilipoungua na banda lako likajaa moshi wa plastiki, ulikaa chini ukutani, uso mweusi, ukaniuliza, "Baba, hivi nguzo za umeme zilituruka kwa nini?" Nikakujibu, "Mlima, mwanangu. Walisema mlima ni mkali." Ukaitikia kwa kichwa. Ukaukubali mlima.

Haukuwa mlima. Ni mimi niliyewarudisha watu wa umeme.

Kesho unakwenda Katesh kufanya kazi katika karakana ya mtu mwingine kwa sababu kwenu hakuna umeme wa kuendesha mashine yako, na kwenu hakuna umeme kwa sababu ya baba yako. Basi, nimeshalisema. Ukitaka kuikunja barua hapa, ikunje. Lakini nakuomba uendelee, maana ukija kulisikia kwa watu utasikia nusu, na mimi mwenyewe kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikijisimulia nusu hiyo hiyo.

Lazima nianze na sola ya kwanza, ambayo wewe uliikuta ipo. Ulikuwa unatambaa nilipouza dume mmoja wa maksai nikaleta kutoka mjini Mbulu lile bao la kioo, betri moja na taa tatu. Babu yako alininunia mwezi mzima. Alisema ng'ombe analima, anasomba, akifa analiwa, sasa hilo bao likifa utalila? Lakini jioni ya kwanza nilipobonyeza na sebule ikawaka, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenda kulala.

Kitongoji kizima hakikuwa na nyingine. Simu zilikuwa zimeshaingia, na mtu alikuwa anatembea hadi mjini kwenda kuchaji. Sasa wakaanza kuja kwetu. Sikumtoza mtu. Walikuja na kibuyu cha maziwa, na maharage kwenye kitambaa, na mayai, na zaidi ya yote walikuja na maneno. Nilitengeneza mabenchi manne, nikayapanga uani. Vijana walifika wakitoa shikamoo kabla hawajafika getini. Wazee walikaa wakisubiri simu zao zijae huku tukisikiliza redio, na mtu akiwa na kesi ya mpaka wa shamba aliileta pale pale, maana wote tupo. Hata padre, alipokuja kuwapa wagonjwa sakramenti, simu yake ililala kwetu. Uchaguzi wa mwenyekiti wa kitongoji ulipofika sikuomba kura kwa mtu. Kura zilifuata simu.

Nilikuwa mjinga wa sola, nikwambie ukweli, na hakuna aliyejua kwa kuwa wao walikuwa wajinga zaidi. Betri ya kwanza niliiua mwenyewe. Fundi aliniambia ikipungua maji iongezwe maji ya betri, mimi nikaongeza maji ya chemchemi yetu, nikijisifu kwamba ni safi kuliko ya dukani. Watu walipouliza mbona taa zinafifia, nikawaambia ni msimu. Nao wakakubali, maana huku kwetu msimu unaweza kubebeshwa lolote. Unajua jua letu la mwezi wa sita na wa saba, ukungu hadi saa tano, halafu dakika mbili za kuonyeshwa, halafu mawingu. Nilinunua betri nyingine kimya kimya. Huo ndio ulikuwa mwanzo wangu wa kuficha upungufu wa kile kitu, na sikuona dhambi ndani yake.

Baadaye na wengine wakanunua. Vidogo vidogo, vya mnadani, vya taa moja au mbili. Vingi havikumaliza masika mbili. Lakini mtu hakitupi, anakiweka uvunguni, kwa sababu siku moja atapita fundi.

Sasa sikiliza. Ulikuwa darasa la tano. Mtendaji wa kijiji alinipigia simu akaniambia Alhamisi watapita watu wa umeme kuangalia njia ya nguzo, na wataandika maeneo yenye uhitaji. Alisema neno hilo, uhitaji. Nilimsikia vizuri. Mimi nilipowaambia watu baada ya sala ya jumuiya, sikulisema. Nilisema, "Alhamisi tuna wageni wa serikali, wanakuja kuangalia maendeleo. Tusiwaonyeshe unyonge."

Wewe umezaliwa hapa, unatujua. Mgeni akija wakati wa njaa, kuku wa mwisho anachinjwa. Akiuliza kama chakula kipo, unamwambia kipo, kaa ule. Shida ya nyumba haitolewi uani mbele ya mtu aliyekuja na gari. Nilikua hivyo, babu yako alikua hivyo. Kwa hiyo niliposema kila mwenye sola aitoe, aifute vumbi, aipandishe juu ya mabati upande unaoonekana kutoka barabarani, hakuna aliyeshangaa. Wakafyeka na njia pia.

Mzee Boay, jirani yetu wa chini, alikuwa na sola yenye kioo kilichopasuka. Nilimkuta ameiegemeza ukutani. Akasema, "Mwenyekiti, hii imekufa tangu Pasaka." Nikamwambia, "Mzee wangu, mgeni atajuaje?" Akacheka mpaka akakohoa. Akapanda ngazi mwenyewe, mkewe ameshika chini akimwambia akianguka kwa ajili ya bao bovu asitegemee kulishwa uji.

Alhamisi ile jua liliwaka kama limelipwa. Ukisimama kwenye mlango wetu uliona paa baada ya paa zinang'aa hadi chini korongoni. Nilihesabu ishirini na tatu. Zilizokuwa hai hazikufika nane.

Walikuja watatu, dereva, kijana mpimaji, na dada mmoja aliyekuwa anaandika. Watu wa mbali, kwa Kiswahili chao, lakini wenye adabu. Walitoa shikamoo kwa kila mzee mmoja mmoja. Walikula kuku kwenye benchi langu. Yule kijana aliangalia mlima wote akasema, "Mwenyekiti, huku mmetutangulia." Mwanangu, sijui kama nimewahi kusikia neno tamu kuliko lile.

Halafu akanieleza mambo waziwazi, hakunificha hata kidogo, ndiyo maana siwezi kumlaumu. Akasema nguzo za awamu ile haziwezi kutosha pande zote mbili za korongo. Upande wetu na upande wa ng'ambo njia ni ile ile, ugumu ni ule ule, kwa hiyo wanataka kuanza penye uhitaji zaidi. Awamu nyingine hajui itakuja lini. Akaniuliza, "Wewe ndiye unawajua watu wako. Wanazihitaji nguzo kweli, au sola zinawatosha?"

Nikasema, "Sisi tunajitosheleza. Wapelekeeni wale wa ng'ambo, ndio wenye shida."

Yule dada akaandika. Nikaweka sahihi. Nikaenda ndani kuchukua mhuri, nikapuliza, nikagonga.

Kwa miaka mingi nilijiambia ni desturi iliyosema pale, si mimi. Mgeni ameuliza kama chakula kipo, nikasema kipo. Ni nusu ya kweli, na ndiyo nusu niliyoizoea. Nusu ya pili ni hii. Kabla sijajibu niliyatazama yale mabenchi manne. Niliona nguzo imesimama kwa kila mtu, na kila mtu anachaji simu yake kitandani kwake, na mabenchi yangu matupu, na mimi mtu wa kawaida. Ilikuwa kitambo kidogo tu, kama kumeza mate. Nikachagua mabenchi.

Watu walipouliza wageni wamesemaje, nikasema wamesema mlima ni mkali, nguzo hazipandi. Mzee Boay alikuwa anashusha sola yake. Akasema, "Kama ni mlima, basi mlima ni wa Mungu. Tutamlaumu nani." Maneno haya nimeyabeba, Restituta. Mtu alimtwisha Mungu mzigo wangu mbele ya macho yangu, na mimi nikamsaidia kushika ngazi.

Ng'ambo waliwaka mwaka uliofuata, wiki moja kabla ya Noeli. Unakumbuka, ulinivuta mkono nije nione. Ulisema baba, zimeshuka nyota. Nikakwambia ingia ndani, kuna baridi. Zamani sisi ndio tulikuwa tunawatania, tukiwaambia wananuka mafuta ya taa. Sasa kule Dongobesh mnadani wakawa wanatuita kwa sauti, "Watu wa sola, leo limewaka?" na watu wetu wanacheka nao, maana utani ni utani. Mimi nacheka pia. Mashine ya kusaga ikafunguliwa kule, akina mama wakaanza kushuka korongo na kulipanda na mahindi kichwani. Na simu nazo zikahamia kule, kwa sababu kule zinajaa kwa saa moja hata kukiwa na ukungu. Mabenchi yakabaki matupu vile vile. Kile ambacho kwa ajili yake nilikiuza kitongoji kizima, sikukaa nacho hata miaka miwili. Mabenchi mawili tuliyapasua kuni.

Kuna mtu kule ng'ambo, yule anayetengeneza baiskeli, ana umeme wa nguzo na sola pia. Umeme ukikatika anawasha sola, umeme ukirudi anazima. Siku ya kwanza aliponionyesha nilisimama kama mtu aliyepigwa kofi. Mimi nilikuwa nimeyaona haya mambo mawili kama madhehebu, kwamba ukiwa huku huwezi kuwa kule. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Yule kijana mpimaji angenijibu kwa neno moja kama ningemuuliza, lakini kuuliza ni kuonyesha hujui.

Nilikwenda ofisini kwa watu wa umeme, kwenye dirisha la mbele. Hili mama yako halijui, au labda analijua, siku hizi sina hakika tena. Ulikuwa kidato cha pili. Nilivaa koti la kanisani. Afisa alinipokea vizuri, akatafuta faili, akalipata haraka kuliko nilivyotaka. Akasoma, akaniangalia juu ya miwani. "Mzee, hapa imeandikwa mnajitosheleza. Na kuna sahihi na mhuri. Hii sahihi ni ya nani?"

Nikamwambia, "Ya mwenyekiti aliyepita."

Mwenyekiti nilikuwa mimi bado. Mhuri ulikuwa kwenye mfuko wa koti lile lile. Akasema basi mwenyekiti wa sasa aandike barua, ifuate ngazi, tusubiri mpango mwingine. Nikamshukuru. Nilitoka pale nikaenda nikakaa kwenye ngazi za kanisa. Wewe umesoma katekisimu, unajua mtu aliyemkana bwana wake mbele ya moto alivyosikia jogoo akiwika asubuhi. Mimi sikusikia kitu. Nilipanda gari nikarudi nyumbani. Ile barua niliandika, nikasema wananchi wana uhitaji mkubwa, ila sikuandika kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya uongo, na barua isiyofuta ya kwanza inakaa tu juu yake kwenye faili. Haijajibiwa hadi leo.

Nimeungama pia. Mara tatu. Kila mara nilimwambia padre, "Nimesema uongo." Yeye akanipa sala za kitubio, nikazisali zote. Hakuuliza uongo gani na mimi sikutaja. Nilikuwa naingia pale na mzigo, nakuta mlango mdogo, naingiza kamba tu, mzigo naacha nje, nikitoka naubeba tena. Kama kuna kitu kimoja ambacho nimekijua kwa uchungu ni hicho. Dhambi ukiitaja kwa jina la ukoo tu, hakuna anayekwenda kuikamata.

Halafu ukarudi wewe kutoka chuo cha ufundi na cheti chako.

Ulikataa kazi mbili kwa ajili ya kuja huku, nalijua. Ulisema huku watu wanabeba majembe ya maksai hadi Dongobesh kuchomelewa, madirisha wanafuata mjini, wewe utawafanyia hapa hapa njia panda. Ulijenga banda kwa mikono yako. Uliniambia pia, nakumbuka ulikuwa unachora kwa kijiti ardhini, kwamba mashine hii inakula kwa mara moja kuliko nyumba kumi na taa zake, na sola zetu haziwezi. Ulijua. Ulinieleza kama mtoto anavyomweleza mzazi, kwa upole, ukisubiri nikubali.

Ni mimi niliyekwambia jaribu. Nilikusukuma. Nilisema tukiunganisha sola za majirani zitaweza, na nikapita nyumba kwa nyumba mwenyewe, na watu wakatoa, kwa sababu ni mimi na kwa sababu ni wewe. Sola kumi na moja. Betri tatu nzima, zikiwa zimebaki tatu tu nzima katika kitongoji. Ulifikiri baba anakutakia mema. Nilikutakia mema. Lakini chini ya hapo nilikuwa natafuta kitu kingine. Nilitaka lile neno langu, tunajitosheleza, hata kwa kuchelewa, hata kwa siku moja, ligeuke kuwa kweli. Nilitaka mashine yako inguruke ndipo nami niwe sikusema uongo.

Ikanguruka, mwanangu. Ulichomelea kipande kimoja cha bawaba, watu wakapiga makofi. Kisha ule moshi. Betri za watu watatu zikafa pamoja na inveta, na hakuna hata mmoja aliyekuja kudai. Mzee Boay, yake ikiwa mojawapo, alikupa pole wewe. Akasema, "Binti yangu, umejaribu. Wa kulaumiwa ni mlima." Na hapo ndipo uliponiuliza, na nikakujibu vile nilivyokujibu.

Ulijaribu jenereta, petroli ikala mapato yote. Ulibeba mashine kwa punda hadi ng'ambo, bwana mmoja mwenye karakana kule akakuruhusu siku moja moja, kisha akasema mwanawe amemaliza shule, nafasi hakuna. Kule ni kwao. Tangu hapo nimekuona ukilala mapema. Mtu wa umri wako akilala mapema hivyo, si usingizi.

Juzi nilimwambia mama yako. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Nilianza mbali sana, toka kwa babu yako na dume la maksai, na yeye ananiangalia tu. Nilipofika kwenye mhuri akaniambia, "Baba Restituta, nilijua."

Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Nilikuwa naosha sufuria ya kuku nyuma ya ukuta. Nilikusikia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu.

"Mbele ya wageni? Nikukatize?" Akaendelea kupukuchua. Baadaye akasema, "Nilingoja useme usiku ule. Halafu nikangoja mwezi. Halafu nikazoea kungoja." Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika.

Kwa hiyo wewe si wa kwanza kujua, kama nilivyopanga. Wewe ni wa kwanza niliyekuibia na nakwambia uso kwa uso, kwa sababu barua hii sitaificha kwenye begi lako. Nitakupa mkononi kesho gari likiwa bado halijafika. Ukitaka kuisoma pale pale nikiwa nimesimama, isome. Ukitaka kumwambia yeyote, mwambie. Sitasema umesikia vibaya.

Sikuandikii upate kunisamehe haraka ili uondoke mwepesi. Usinifanyie hivyo. Msamaha wa kunituliza mzee nitaujua, na utanikaa kama yale maji ya chemchemi ndani ya betri. Kaa nao hadi uive, na usipoiva, Mungu anaona ulikaa nao.

Wala sikuandikii kwamba nguzo zitakuja. Kila mtu huku anasema zitakuja, mimi nalijua faili. Mama yako amekwambia banda lako litakungoja. Mimi nasema usilitegemee. Nimeshaona mwezi huu tu nyumba tatu zimefungwa, watoto wamewafuata wenzao Babati na Singida, na mabati yanang'olewa. Bado tuko, tunalima, tunasali, lakini mtu akiniuliza kitongoji hiki kitakuwa nini wakati wewe una watoto, nikimjibu kwa kweli nitamharibia siku. Usiyajenge maisha yako ya Katesh kama mtu anayesubiri gari la kurudi. Pale kuna umeme. Chomelea.

Na kama utafika mahali huna kitu, umekosea, hujui, na mtu mwenye kalamu akakuuliza kama una shida, mwanangu, mwambie unayo. Mwambie hata kama umevaa nguo nzuri siku hiyo. Hilo tu. Nilikuwa na maneno mengi ya namna hii, nimeyaacha, kwa sababu mimi si mtu wa kumfundisha mtu mwaka huu.

Limebaki jambo la Jumapili. Mama yako hajakwambia kwa kuwa nilimwomba. Wiki iliyopita wazee walinijia, Mzee Boay akiwa mbele na fimbo yake. Wamesikia kuna mpango mwingine wa umeme unazungumzwa wilayani, na wanataka kupeleka watu watatu wakatuombee. Wananitaka mimi niwe msemaji. Mzee Boay alisema mbele ya wote, "Ni yeye aliyehangaika na wale wageni wa kwanza. Mlima ndio uliomshinda." Wengine wakaitikia. Jumapili baada ya ibada nitasimamishwa mbele ya watu wote nikubali.

Nikikubali bila kusema, nitakwenda ofisini na kusimama mbele ya sahihi yangu kwa mara ya pili, na safari hii nina mashahidi wawili. Nikisema, sijui. Sijui Mzee Boay atafanya nini na uso wake. Nimejaribu kulisema peke yangu shambani, kwa sauti, nikiwa nimeshika jembe. Mara nne. Sijafika mwisho hata mara moja.

Nimesali juu yake, na sitakudanganya kwamba nimepata jibu. Ninapopiga magoti sasa nasikia tu magoti.

Mnarudi, nasikia sauti ya mama yako huko chini anamsalimia mtu. Nimalize.

Restituta, habari za huku zinafika Katesh, watu wa Dongobesh hawawezi kukaa na neno. Ukisikia kwamba baba yako alisimama kanisani Jumapili akawaambia watu ni nani aliyewarudisha wapimaji, ujue ni kweli, na usiniulize walinifanya nini. Zikipita wiki nne hujasikia lolote, ujue nilinyamaza tena, na hapo usipige simu kuniuliza kwa nini. Utakuwa unamjua mtu uliyemwacha nyumbani.

Uende salama. Mama Maria akushike pale mkono wangu usipofaa.

Ni mimi niliyekuzaa,
Baba yako Fabiani
Kwetu Tlawi